Miaka Ishirini kwa Ajili ya Kuku

Kwa miaka kumi na miwili Dalmas Oduor alikuwa mkalimani wa mahakama moja ndogo ukingoni mwa ziwa, magharibi ya Kisumu. Hakimu alisema kwa Kiingereza, Dalmas akasema kwa Dholuo, watu wakaenda jela. Miaka ya themanini kesi za bangi hazikumnyima usingizi. Mvuvi alinaswa na misokoto miwili, akafungwa miezi michache, akarudi kwenye nyavu zake. Dalmas mwenyewe hakuwahi kuvuta hata sigara. Alikuwa mwimbaji wa besi kanisani.

Kisha ikaja sheria mpya ya mwaka 1994. Ukikutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe, miaka kumi. Ikiwa si ya kuvuta mwenyewe, ishirini.

Mwaka uliofuata aliletwa Adero, mjane wa Usenge aliyekuwa akianika na kuuza omena, dagaa wa ziwani. Polisi walikuwa wamekuta majani makavu kwenye kopo jikoni kwake, kiasi cha kujaza kiganja.

"Muulize kama anavuta," hakimu akasema.

Dalmas akamuuliza. Adero alikasirika kama mtu aliyetukanwa. "Mimi, mama wa kanisa, nivute njaga? Hiyo ni ya kuku. Wakishikwa na kideri nawachanganyia kwenye maji."

Dalmas alijua kitakachofuata. Lakini alikuwa amekula kiapo, akatafsiri neno kwa neno. Hakimu akaandika. Kwa kuwa haikuwa ya kuvuta, miaka ishirini.

"Miezi ishirini?" Adero akauliza.

"Miaka, Mama."

Jumamosi moja Dalmas alikwenda kumwona gerezani, amebeba sabuni na sukari. Adero hakuvipokea. "Ni wewe uliyenifunga," alimwambia. "Yule mwingine sikumwelewa hata neno moja. Sauti niliyoisikia ni yako. Na ulijua! Ulijua kwamba nikisema navuta itakuwa nusu, ukanyamaza."

Jumatatu, alipotakiwa kumtafsiria kijana wa Port Victoria miaka yake kumi, Dalmas alibaki ameketi.

"Bwana Oduor," hakimu akasema.

"Mwambie mwenyewe," Dalmas akajibu. "Mimi mdomo wangu umechoka kufunga watu."

Alilala korokoroni siku mbili kwa kuidharau mahakama, na mwezi haujaisha akafukuzwa kazi. Mkewe Milka, mwalimu wa shule ya msingi, alipiga meza. "Umeacha kazi kwa sababu ya bangi?"

"Kwa sababu ya kuku," alisema, na wote wawili hawakucheka.

Ndipo akaanza kuzunguka na daftari la kukusanya sahihi za kutaka sheria ibadilishwe. Aliungana na Safia, mshonaji nguo wa Kisumu ambaye mumewe Seif alikuwa akitumikia miaka kumi kwa msokoto mmoja. Sokoni Pap Onditi watu waliwakimbia kama wenye ukoma. Mchungaji alimtaja Dalmas kwenye mahubiri kuwa mtume wa bangi, na nafasi yake kwenye kwaya ikapewa mtu mwingine.

Dalmas alimsubiri mchungaji mlangoni. "Moshi wenyewe nauchukia kuliko wewe," alimwambia. "Lakini juzi lori lilikamatwa na magunia kumi na manne. Kabla ya kesi kusikilizwa, magunia yakawa majani ya chai. Mwenye lori ndiye aliyewanunulia viti mnavyokalia. Adero yuko ndani kwa kiganja kimoja! Hubiri hilo."

Mchungaji aliangalia saa yake, akaingia ndani.

Kwenye mkutano wa hadhara Dalmas alijaribu kumkabidhi mheshimiwa mmoja majina mia tatu na kumi na mawili, mengi yakiwa alama za vidole gumba. Mheshimiwa aliyainua juu, akauliza kwenye kipaza sauti, "Wavutaji wote hawa ni wa kwetu?" Uwanja ukaangua kicheko. Dalmas alimpokonya zile karatasi na kupanda kwenye benchi, akaanza kusoma majina kwa sauti yake yote ya besi. Alifika la arobaini polisi walipomshusha. Walimfungulia shtaka la kuvuruga mkutano.

Wakili kijana, Khaemba, alisikia habari zake, akakubali kukata rufaa ya Adero. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ilisema adhabu ilipita kiasi, na muda aliokaa umetosha. Kuhusu sheria yenyewe, haikusema lolote.

Siku Adero alipotoka, Dalmas hakwenda kumpokea. Alikuwa Pap Onditi, akibishana na muuza mtama aliyedai kwamba wafungwa wa bangi wanyongwe. Safia alimfuata huko na habari.

"Ametoka, Baba. Amekwenda kwa dada yake. Hakukuulizia."

"Sawa," Dalmas alisema. "Na Seif?"

"Bado miaka saba."

Akamgeukia muuza mtama, akamsukumia daftari kifuani. "Umesikia? Miaka saba! Sasa niambie tena huku unamtazama huyu mama machoni."