Nyar Kano wa Darasa la Tano

Siku hizi nikialikwa kuzungumza na walimu vijana juu ya uonevu wa watoto shuleni, huwa nakwenda shingo upande. Nimestaafu, magoti yananiuma, na swali lao nalijua kabla halijaulizwa: mtoto akija analia kwamba wenzake wanamwonea, mwalimu afanye nini? Wameshika kalamu, wanangoja niwape hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mimi sina hatua. Nina kisa kimoja tu, na kukisimulia kunanichosha, maana mkosaji mkubwa ndani yake ni mimi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilifundisha darasa la tano katika shule ya msingi mjini Kisumu, watoto hamsini na kitu, watatu watatu kwenye dawati. Masika ya mwaka huo mto ulifurika kule Kano, na nyumba nyingi karibu na Ahero zikaingia maji. Mkulima mmoja wa mpunga akamleta binti yake mjini akae kwa shangazi yake, aliyeuza nyanya sokoni. Hivyo nikapata mwanafunzi mpya, msichana wa miaka kumi na mmoja, amevaa sare ya kijani ya shule yake ya zamani katikati ya sare zetu za buluu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Wiki ya tatu alinifuata nje wakati wa mapumziko.

"Mwalimu, wananisumbua."

"Nani?"

"Wote."

"Wanakupiga?"

"Hapana. Wananiita Nyar Kano."

Nikacheka. Hata sasa nikikumbuka kicheko kile naona haya. Lakini kwetu Waluo mke wa mtu huitwa kwa kwao alikozaliwa, na Nyar Kano maana yake ni binti wa Kano tu, jina la heshima kabisa. Mimi natoka Yimbo, upande wa Usenge. Siku mama mkwe wangu aliponiita Nyar Yimbo mbele ya wageni, nilijiona nimekuwa mtu. Nikamwambia yule mtoto, "Hilo jina zuri, mama. Hata mimi naitwa hivyo. Usiwe na roho nyepesi."

Alinitazama kama mtu ambaye bado ana neno la kusema. Chai yangu ilikuwa inapoa ofisini, nikaenda.

Laiti ningeishia hapo! Kesho yake nikamsimamisha mbele ya darasa, nikatoa hotuba juu ya heshima ya jina lile, kisha nikawaamuru wamsalimie wote kwa pamoja. Nililegeza hata ile sheria yetu ya kukataza Kiluo darasani. "Oyawore, Nyar Kano!" wakaitikia, kwa furaha ambayo ingenishtua kama ningekuwa na akili siku hiyo. Tangu hapo hata mimi nikawa namwita hivyo. Nyar Kano, futa ubao. Nyar Kano, soma aya ya pili. Hakuniletea malalamiko tena, nami nikajua nimeimaliza kesi.

Kulikuwa na jambo nililoliona kila siku bila kulitilia maanani. Akipita kati ya madawati, watoto wa pande zote mbili waliinua miguu. Nilidhani wanampisha.

Alasiri moja mvua ilianza ghafla, nikamtuma akafunge dirisha la nyuma. Bati lilikuwa linapiga kelele, na nadhani walifikiri sisikii. Miguu ikainuka safu baada ya safu, mingine ikapandishwa kabisa juu ya benchi. Kiranja aliinua yake. Msichana niliyedhani ni rafiki yake aliinua yake. Kisha mmoja akapaza sauti: "Nyar Kano, pi biro!" Maji yanakuja. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akaenda hadi dirishani, akalifunga, akarudi kukaa. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba amezoea.

Nilipandwa na hasira, nikachukua fimbo. Nikawachapa wavulana sita wa nyuma, kwa sababu wavulana wa nyuma ndio tuliokuwa tukiwachapa. Siku iliyofuata mwalimu mkuu naye akafanya yake: akamwita yule mtoto mbele ya gwaride pamoja na mvulana mmoja wa wale sita, akawaambia wapeane mikono, akatangaza kwamba yamekwisha. Shule nzima ikapiga makofi.

Kweli, jina lilikwisha. Hakuna aliyemwita Nyar Kano tena, wala aliyemwita kwa lolote. Kwao yeye sasa alikuwa mchongezi aliyewachapisha wenzake, ingawa hakuwa amesema neno. Watoto walibanana wanne kwenye dawati ili yeye akae peke yake. Nilizungumza na wavulana, na kiranja, na mwalimu mkuu. Yeye sikumuuliza lolote. Niliogopa jibu, ndio ukweli.

Muhula ulipokwisha alikuja na shangazi yake ofisini.

"Mwalimu, mimi nimeshindwa," shangazi akasema. "Hii mtoto anataka kurudi kwao. Nimeambia yeye matope bado iko mpaka kwa mlango, hata shule yao wanasomea kwa kanisa. Anasema heri hiyo matope."

Nikaanza kubembeleza. Nikataja mwandiko wake, nikataja mtihani wa darasa la nane, nikasema muhula ujao nitalikalisha darasa zima chini, nitawaeleza upya. Mtoto aliyekuwa akitazama viatu vyake akainua kichwa.

"Usiwaeleze tena, Mwalimu. Tafadhali."

Nikavuta karatasi niandike barua ya uhamisho. Nikaandika tarehe, nikaandika jina la shule, nikaandika kwamba barua hii ni ya kuthibitisha kuwa mwanafunzi aitwaye, kisha kalamu ikasimama. Nilitafuta kichwani na nikapata lile jina moja tu. Rejista ilikuwa kabatini nyuma yangu, na nikawa najifanya naikagua kalamu kama ina wino.

Akanitazama, akaelewa. Hakukasirika. Akasogea karibu na meza, akanitajia majina yake matatu polepole, herufi moja moja, nami nikayaandika.