Mashine ya Baridi Tuliyoivika Kitambaa

Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, mume wangu alikuwa karani kwenye shamba moja nje kidogo ya Korogwe. Meneja wa Kizungu akafunga mizigo, mume wangu akapewa cheo chake, nasi tukahamia nyumba yake ya kilimani. Kwenye dirisha la chumba cha kulala ndipo tulipoikuta mashine ya baridi.

Nilifurahi kupita kiasi, sifichi. Anayeijua Korogwe ya mwezi wa pili hatanicheka. Lakini mume wangu aliitazama mikono ikiwa nyuma, kama mkaguzi wa shule, kisha akasema, "Mama watoto, hii ni mali ya umma. Itunzwe."

Basi tukaitunza. Ee Mungu wangu, tuliitunza!

Kwetu sisi kitu cha thamani kilifunikwa. Redio ilifunikwa, viti vilifunikwa, hata sinia la wageni lilikuwa na nguo yake. Nikaishonea mashine kitambaa cheupe, nikakidarizi maua mekundu na neno KARIBU, nikaivika kuanzia juu mpaka chini. Kila Ijumaa nilikifua na kuifuta mashine uso mpaka ikang'aa.

Kuiwasha? Thubutu! "Watu wanakata mkonge juani, mimi nijifungie kwenye baridi, waniite naizi?" Hilo ndilo jina walilobandikwa waliorithi vyeo vya Wazungu, na mume wangu aliliogopa kuliko nyoka. Mashine iliwashwa kwa ajili ya wageni tu. Mama mkwe alipokuja kutoka Kwamsisi tulimlaza humo kwa heshima zote. Haukupita muda akatoka amejitanda kanga zangu zote. "Mwanangu," akaniambia, "nimekukosea nini hata unigandishe?" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mgeni wa mwisho alikuwa bwana mkubwa kutoka Dar es Salaam. Tulipoiwasha, mashine ilikohoa, ikamtemea vumbi kwenye shati lake jeupe. Mume wangu aliona aibu ya mwaka. Mgeni alipoondoka tu, akachukua gunia, akazunguka nje na kuyaziba matundu yote ya nyuma ya mashine, vumbi na mvua visipate pa kuingilia. Alirudi ndani akitokwa jasho, amefurahi. "Sasa hii," akasema, "wajukuu wataikuta."

Miaka ikapita. Mashine ikakaa kimya ndani ya nguo yake safi.

Kisha kifua kikamshika mume wangu. Maisha yake yote alikuwa ameshinda korona, kiwanda cha kusindika mkonge, akivuta vumbi la nyuzi. Daktari alisema ni pumu, na imefika pabaya. Tukiacha madirisha wazi, vumbi la korona lilipanda mpaka kitandani kwake. Tukiyafunga, chumba kiligeuka tanuri na pumzi ikambana zaidi. "Lakini hapo kwenu si kuna mashine ya baridi?" daktari akaniuliza. "Funga madirisha, uiwashe, alale humo."

Jamani, nilirudi nyumbani nusu nakimbia. Nilikivua kile kitambaa, nikabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza.

Fundi aliitwa kutoka Tanga. Alipoling'oa gunia, panya walitawanyika uani; walikuwa wamezaa humo na kuzitafuna nyaya. Feni ilikuwa imeshikwa na kutu, haigeuki. "Mama, nani aliikaba hivi?" akaniuliza. Akasema haikuhitaji makubwa: iwashwe mara kwa mara hata kama hakuna joto, kichujio chake kioshwe, nyuma paachwe wazi ipumue. "Kazi haijaichosha hii, mama. Imekufa kwa kukaa tu."

"Si utengeneze basi?"

"Kwa vipuri gani, mama? Hata Dar hakuna."

Nami nilijua hakuna. Miaka ile hata sabuni tuliipangia foleni. Nilikasirika, lakini nimkasirikie nani? Huyu aliyelala hapa akihangaika na pumzi? Panya? Nilifungua dirisha, vumbi likaingia, akakohoa. Nikafunga, jasho likamtiririka. Nikafungua tena. Hivyo ndivyo nilivyomuuguza mume wangu, na hakuna kingine nilichoweza kumfanyia.

Mchana wa siku yake ya mwisho joto lilikuwa halisemeki. Nilifunga madirisha, nikatafuta cha kumpepea. Kilichokuwa karibu ni kile kitambaa, nilichokuwa nimekitupia kwenye kiti. Nikakikunja, nikaanza kumpepea nacho usoni. Nilipepea hadi bega likafa ganzi, nikabadilisha mkono.

Akatulia kidogo. Macho ameyafumba, akatabasamu.

"Imewaka?" akauliza.

Niliendelea kupepea huku machozi yakinitoka.

"Ina baridi nzuri," akasema. Akapumzika, akaitafuta pumzi nyingine. "Sasa zima, mama watoto. Isije ikachakaa."

"Nimeizima, baba," nikamwambia, nikaendelea kumpepea, taratibu, asijue.