Fimbo Mabegani

Nilialikwa kwenye kongamano la mafunzo ya kijeshi, katika hoteli moja hapa Garissa, kwa sababu nafundisha Kisomali na mtu fulani alidhani hilo linatosha. Sikutulia tangu asubuhi. Chai niliinywa nimesimama. Nilipoketi, mguu ulitikisika chini ya meza hadi jirani yangu, mhandisi aliyetengeneza mtambo wa siku hiyo, akaniuliza kama naumwa.

Mtambo wenyewe ulikuwa miwani mizito na bunduki ya plastiki. Askari huvaa miwani, akajiona yuko kijijini, akajifunza kumtambua adui kabla adui hajamwahi. Mhandisi alijisifu kwamba kijiji kile amekitoa kwetu Ijara. Kweli, vibanda, mbuzi, hata vumbi lilikuwa letu.

Wakaniambia nijaribu. Njiani akatokea mzee nyuma ya ng'ombe, fimbo imelala mabegani, mikono yote miwili imening'inia juu yake. Hivyo ndivyo wachungaji wetu wanavyopumzisha mikono safari ikiwa ndefu. Baba yangu hutembea hivyo kila asubuhi kule kijijini Sangailu, huko huko Ijara, akipita kambi ya askari kwenda kunywesha ng'ombe. Nikafungua kinywa kumtolea yule mzee salamu. Skrini ya miwani ikawa nyekundu.

"Umechelewa kumpiga, mwalimu," afisa mmoja akasema. "Umekufa."

Ukumbi ukacheka. Nikavua miwani nikawaambia ile ni fimbo ya ng'ombe, na atakayefundishwa kumpiga risasi mzee huyu atampiga baba yangu. Kicheko kikakatika. Afisa akajibu, kwa upole, kwamba bunduki nayo hubebwa hivyo hivyo. Na ni kweli. Mhandisi, muungwana yule, aliahidi kurekebisha, ila itachukua muda. Kwa sasa askari watajifunzia mtambo huu uliopo.

Subira yavuta heri, lakini kambi haiko mbali na njia ya ng'ombe. Nilitoka nje, kwenye jua, nikampigia baba simu, nikamwomba asiweke tena fimbo mabegani akipita pale. Aliuliza kwa nini. Nikamweleza huku nikizungukazunguka kwenye maegesho. Nyuma yake nilisikia ng'ombe wakilia.

"Haya," akasema. "Sasa mikono niiweke wapi?"