Mto Usio na Mtumbwi

Mchezo ule niliutunga mimi, na makosa yake yote yalikuwa yangu. Nasema mapema ili mtu asije akanitetea.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nilikaa Alunguli kwa mama, na kila asubuhi nilivuka mto kwa mtumbwi kwenda kazini upande wa mjini Kindu, kwenye duka la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo. Kazi yangu ilikuwa foni. Foni ni ile redio ya kubonyeza kitufe ukisema na kukiachia ukisikiliza. Yetu ilikula betri ya gari, na waya wake wa kunasia sauti ulifungwa kati ya paa la duka na mchikichi wa jirani. Ilikuwa Zaire, barabara zimeoza, posta imebaki jengo tu, kwa hiyo mwenye mali katika mji wa Lubutu au wa Kama alisema na mwenzake wa Kindu kwa njia hiyo. Wafanyabiashara wanne walichangia mkondo mmoja wa redio, na kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kusema.

Siku ya kwanza patroni, yule mwenye duka, alinipa sheria moja tu. "Ku foni hakuna majina, mwanangu. Hata jina ya baba yako. Watu wanasikiliza." Alikuwa anawaogopa watu wa usalama, na zaidi yao aliwaogopa wafanyabiashara wengine. Basi tuliitana kwa mahali. Mimi nilikuwa Kindu. Wenzangu walikuwa Kama, Kibombo na Lubutu. Hata bidhaa hatukuzitaja: magunia ya mchele yalikuwa "watoto" na mafuta ya mawese yalikuwa "maji mekundu". Ukisikia Lubutu anasema watoto wawili wamelowa na mmoja amepasuka, usilie.

Nadhani mchezo ulizaliwa hapo. Tulikuwa tumeshazoea kusema jambo moja na kumaanisha lingine.

Saa tisa mchana habari za mizigo zilikuwa zimekwisha, patroni amelala, na mkondo ulikuwa wazi kwa karibu nusu saa. Nikachukua daftari la shule nikachora mji. Nilijichorea mji nilioutaka: treni inafika kila siku, tena mchana, taa zinawaka, posta ina stempu. Kabla ya mji nikaweka msitu, mgodi, njia panda, na mto. Kila mchezaji achague mtu ambaye si yeye, aanze safari mahali alipo, na anayefika mjini ameshinda. Mimi nikiwa Kindu ndiye ninayesema wanaona nini na wanakutana na nani. Bahati ya kila mmoja niliitafuta kwa punje tano za mahindi nilizochoma upande mmoja zikawa nyeusi. Nilizirusha juu ya meza na kuwasomea. Hawakuziona, waliniamini tu. Isipokuwa Kama, ambaye hakuniamini hata siku moja.

Kama alikuwa mwanaume mwenye sauti nzito ya mtu aliyekaa sana na wachimba dhahabu. Akachagua kuwa mjane tajiri. Alimwigiza mjane yule kwa madaha mpaka mimi mwenyewe nikaona haya. Kibombo alikuwa mzee Mwislamu, mpole, ambaye ilipofika alasiri alituaga akaenda kuswali hata kama simba amemkabili. Yeye akachagua kuwa mchezaji wa mpira wa miaka kumi na minane. Lubutu akawa fundi wa saa. Alidai kwamba saa ya stesheni ya mji wangu imesimama, akasema atakwenda kuitengeneza.

"Saa haijasimama," nikamwambia. "Mji yangu haina kitu kimeharibika."

"Itasimama tu, Kindu. Nitafika nikiwa tayari."

Makosa yakaanza wiki ile ile. Nilikuwa nimeandika kwamba punje tatu nyeusi ni ugonjwa, ila sikuandika mtu anaponaje. Mjane wa Kama akaugua msituni na hakuna sheria ya kumwinua. Nilitaka kuiandika, akanikataza. Akasafiri miezi yote amelala kwenye machela, akitoa amri na kulalamikia supu, na nakuambia hakuna mgonjwa aliyefaidi ugonjwa kama yule. Siku nyingine mvua ilinyesha Kibombo, foni ikawa inakoroma. Nikamwambia mzee, "Fuata njia." Yeye akasikia, "Fuga njiwa." Kesho yake akatueleza kwa furaha kwamba mchezaji wake ana njiwa sita na amewajengea tundu. Nani angemwambia mzee yule kwamba amesikia vibaya? Njiwa wakabaki. Baadaye wakataga.

Lakini kosa kubwa lilikuwa mto.

Walipofika ukingoni, wote watatu, Lubutu akauliza, "Kindu, weye uliandika muto. Tunaona mji ngambo. Sasa tunavuka namna gani?"

Nikafungua daftari. Daraja, hakuna. Pantoni, hakuna. Mtumbwi, hakuna. Mimi niliyevuka mto mara mbili kila siku ya Mungu, niliyejua wapiga kasia wote wa Alunguli kwa vikohozi vyao, nilikuwa nimesahau kuandika mtumbwi. Nafikiri nilisahau kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayechora nyumba hakumbuki kuandika kwamba ndani kuna hewa.

Nilikasirika, maana nikikosea huwa nakasirikia wengine. Nikasema nitaweka mtumbwi kesho. Lubutu akakaa kimya kidogo. Alikuwa na tabia hiyo, kunyamaza kabla ya kujibu, na katika kimya kile nilisikia mvumo wa foni kama mtu anayepuliza chai.

"Acha vile," akasema. "Ukiweka mutumbwi tutafika, na tukifika mchezo imekwisha. Siye tunapenda kubaki hapa."

Kama akasema mjane wake hana haraka. Mzee wa Kibombo akasema ukingo ni mzuri kwa njiwa. Basi wakakaa. Wakajenga vibanda, mjane akafungua mgahawa akiwa kitandani, mchezaji mpira akafundisha watoto wa ukingoni, na fundi wa saa akatengeneza saa za wapita njia. Mchezo ulikuwa umevunjika kabisa, na hatukuwahi kuufurahia kama wakati ule. Asubuhi nilipoita kwa habari za mizigo, kabla ya watoto na maji mekundu Kama aliniuliza kama jana usiku mvua haikubomoa mgahawa.

Nami nilimpenda Lubutu. Naandika hivyo moja kwa moja kwa sababu wakati ule sikuandika popote. Sikujua uso wake, umri wake, wala kama ana mke. Nilijua kikohozi chake kidogo, na kile kimya. Mvua ikiwa kubwa na maneno hayapiti, wengine walizima. Yeye alibaki akisema neno moja kila baada ya muda: "Niko." Nami nikajibu, "Niko." Tulipitisha mvua nyingi hivyo. Ningempa nini ili anieleze mambo yake? Lakini mkondo ulikuwa wa wote, kila neno lilikuwa na masikio manne au zaidi, na msichana hamwulizi mwanaume jina lake mbele za watu, tena jina lenyewe limekatazwa. Nilitamani tu aje. Nilipokuwa kwenye mtumbwi jioni, niliwatazama abiria wageni mmoja mmoja, nikingoja mmoja akohoe.

Ijumaa moja saa tisa akasema, "Kindu, mutu wangu alishaamua. Siku ya posho atasimama ku ukingo, ataita. Utamusikia?"

Siku ya posho ni Jumamosi. Nilichosikia mimi ni mchezo. Miezi mingapi nimetaka kuweka mtumbwi, yeye mwenyewe ananikataza, na leo kwa kuwa amechoka kutengeneza saa anataka kuvuka siku anayopanga yeye? Nikaona ananichezea.

"Kuita anaweza," nikasema. "Lakini mutumbwi haiko. Sheria njo sheria."

Akakohoa kidogo.

"Kindu, mwanangu," mzee wa Kibombo akaingia, "sikiliza muzuri mutu anasema nini."

"Nimesikia, baba."

"Bien resi," akasema Lubutu. Ndilo neno la kusema umepokea ujumbe. Akazima.

Jumamosi ile mkubwa mmoja wa chama alikuwa anakuja kwa ndege. Wafanyakazi wote tuliamriwa kufika upande wa mjini alfajiri, tumevaa kitambaa cha chama, tucheze na kuimba. Nilivuka kungali na ukungu. Nyuma yetu askari wakafunga kivuko, hakuna mtumbwi kwenda wala kurudi mpaka mkubwa apite. Ndege ilichelewa. Tulicheza asubuhi, tukacheza mchana, jua likituchoma utosi. Tulipopumzika niliketi karibu na maji nikatazama upande wa nyumbani. Nikaona watu waliokwama Alunguli, wadogo sana, wamekaa kwenye mizigo yao. Niliwahurumia kwa jua lile. Kisha filimbi ikalia nikarudi kucheza.

Kivuko kilifunguliwa saa kumi na moja jioni. Nilimkuta mama bado pale kivukoni na beseni lake tupu. Kila siku aliuza mikate ya kukaanga hapo, na siku ile watu wa kukwama walimmalizia yote. Alikuwa amefurahi.

"Leo kulipita mugeni mumoja wa kuchekesha," akasema huku tukipanda njia. "Alifika na kamio asubuhi. Akakaa karibu na miye, akakula mikate, anaangalia tu maji. Akaniuliza, 'Mama, unajua Kindu?'"

"Kindu?"

"Njo vile nilimujibu! Nikamwambia: baba, Kindu njo hii yote. Akasema hapana, anatafuta musichana, jina yake Kindu. Nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia humu hakuna muntu wa jina hiyo."

Nilisimama njiani. Nikamwuliza alikuwa mtu wa namna gani, mama akasema mtu wa kawaida, si mrefu, si mfupi, anakohoa kidogo. Alipoona kivuko hakifunguki alisimama majini mpaka magoti akaita mara mbili au tatu, watu wakamcheka, maana mto wetu si kijito. Saa kumi dereva wa kamio, lile lori lililomleta, akapiga honi, mgeni akapanda wakaondoka. Alikuwa na sanduku na godoro, mtu wa kuhama.

"Aliita nini?" nikauliza.

"Neno moja tu. 'Niko.' Sasa niko nini? Niko wapi? Watu wengine bwana."

Sikumwambia mama. Kamwe sikumwambia, na alikufa akikisimulia kisa kile kama kichekesho.

Usingizi haukuja. Kulipopambazuka nikachukua daftari, na kwenye ukurasa wa mto nikaandika kwa kalamu ya wino: Mtumbwi upo, na unangoja. Jumapili duka lilifungwa. Jumatatu sikungoja hata saa tisa. Nilibonyeza kitufe asubuhi, nikaita Lubutu mara nne.

Akajibu kijana mwingine, sauti ya harakaharaka. "Lubutu, nakusikia. Uko na watoto wangapi?"

"Mutumbwi iko," nikasema. "Muambie mwenye alikuwa hapo. Mutumbwi iko."

"Mutumbwi gani? Ule alishahamishwa Bukavu. Kule hawana foni yetu."

Kutoka Lubutu kwenda Bukavu njia ya karibu haipiti Kindu hata kidogo. Alizunguka siku ngapi kwenye matope yale, juu ya godoro lake, sijui. Nikajisahau, nikamwuliza kijana jina la mwenzake aliyeondoka. Akanijibu kwa ukali kwamba ku foni hakuna majina. Alikuwa amefundishwa vizuri, na waliomfundisha ni sisi.

Nilijua wote wanasikiliza, na kwa mara ya kwanza sikujali. Kisha mzee wa Kibombo akasema polepole, "Kindu, mwanangu, tumesikia. Mutumbwi iko."

"Mutumbwi iko," akasema Kama, bila madaha ya mjane.

Saa tisa wakavuka, kwa kunisikitikia nadhani. Mjane na machela yake, mchezaji mpira na njiwa wake wote. Nikawaelezea mji jinsi nilivyouandika: treni imefika, taa zinawaka. Walisema ni mzuri. Hatukucheza tena baada ya siku ile, na Lubutu alikuwa ameshatuambia itakuwa hivyo.

Daftari bado ninalo. Fundi wa saa sikumvusha, kwa kuwa hakuna aliyemwombea, wala sikuwa nimeandika sheria ya kumwondoa mtu ambaye mchezaji wake amekwenda. Yuko pale ukingoni, upande wa kwetu. Nimezeeka, sasa kila mtu ana simu mkononi na anaandika jina lake popote anapotaka. Lakini mvua ikipiga bati mpaka watu hawasikilizani, mimi hujibu. Nasema, "Niko," na wajukuu hugeuka kuniuliza nilikuwa nasema na nani.