Baba aliulizwa kama ni mwenyeji, akajibu ukweli wote

Mbukwenyi wakuu. Haya niliyashuhudia nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka mezani, kwa hiyo chumvi sitaongeza.

Sisi ni Wagogo. Shamba letu liko nje kidogo ya Kikuyu, hapa Dodoma. Baba amezaliwa hapo.

Babu amezikwa hapohapo, palipokuwa zizi la ng'ombe, maana ndivyo mwenye kaya alivyozikwa zamani. Hakuna saruji wala msalaba. Ukipita utaona majani tu.

Mji ukatufikia. Wakaja watu wa upimaji na fomu za uhakiki. Tulisomewa utaratibu: mwenyeji wa asili anapewa viwanja palepale shambani kwake. Aliyehamia analipwa mazao yake, anaondoka.

Sasa niwaeleze kitu, ili wasio wa huku mnielewe vizuri.

Mgogo wa zamani ukimuuliza yeye ni nani, hataji jina akanyamaza. Anakutajia ukoo, ulikotoka, na njia uliyopita. Karibu kila ukoo una hadithi ya kuja: hawa Uhehe, wale Unyamwezi, wengine Ukaguru. Asiyeijua njia yake ndiye tunayemwona mgeni.

Basi dada aliyekaa mezani na fomu akauliza kwa adabu, "Shikamoo babu. Ninyi ni wenyeji wa hapa?"

Baba akavua kofia. "Marahaba mjukuu wangu. Wazee wetu walitoka Uhehe. Wakavuka mto pale Mtera, wakakaa Kibakwe, njaa ikawasukuma mpaka hapa."

Dada akacheka. "Kumbe babu ni wa kwetu Iringa! Mlikimbia nini huko, watani?"

"Tuliwakimbia ninyi, hasira zenu ziko karibu!"

Tukacheka wote, mimi nikiwemo. Mkono wa dada ulikuwa unaandika. Baba akaweka dole gumba.

Aliyefuata mezani ni jirani yetu. Huyu kaja juzijuzi. Baba mwenyewe alimkatia kipande alime, bila karatasi, kama mgeni anavyopewa. Kabila lake silitaji, kwa sababu kabila halina kosa hapa.

Akaulizwa swali lilelile.

"Mwenyeji. Hapahapa."

Basi. Naye akaweka dole gumba.

Orodha ilipobandikwa, jirani ni mwenyeji wa asili. Baba ni mhamiaji, asili yake Iringa.

Nilikwenda ofisini na wazee watatu wa kushuhudia. Yule dada alinionea huruma kweli. "Kaka, alisema mwenyewe, na kidole ni chake."

Nikamwambia kuna kaburi. Akaja mpaka shambani, akatazama majani, akaniuliza liko wapi. Nilimwonyesha kwa mkono, nikaona mwenyewe jinsi nilivyofanana na mwongo.

Jirani alipokutana nami kisimani akasema, "Mzee wako kajifunga goli."

Nilienda kumweleza Baba kosa lilipotokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilidhani anataka kunifahamu."

Kwetu uenyeji ni kukumbuka mlivyofika, na kumpokea anayekuja nyuma yenu. Fomu haina nafasi ya kuandika hayo. Inampenda asiye na hadithi.

Kwa hiyo wewe ambaye wazee wako bado wana shamba, kaa nao wiki hii. Wazoeshe kujibu kilichoulizwa tu: nimezaliwa hapa, baba yangu kazikwa hapa. Jengea makaburi, hata kwa mawe. Aliyepewa kipande cha kulima, andikianeni mbele ya mjumbe. Si uchoyo, na wala hujachelewa.

Mimi nimechelewa. Binti yangu ana miaka saba. Nimemfundisha akiulizwa kwao aseme "hapahapa", anyamaze. Habari za Uhehe simwambii.

Mliopitia uhakiki, wazee wenu walijibu nini? Na anayejua mlango wa rufaa uliowahi kufunguka kweli, anielekeze. Bado hatujatolewa shambani.