Miwa ya Vibogoyo

Awinja, mlezi katika nyumba ya wazee huko Khayega, alishangaa: mbona kuhara kuliwapata vibogoyo peke yao, hata mmoja akafa? Siku ya wageni akakaa kuangalia. Wageni walileta miwa, maana miaka ile kila shamba lilikuwa la miwa. Mzee Makhanu, mwenye meno, aliimenya kwa meno, akaitafuna mpaka ikalainika, akawagawia wenzake.

"Guga, babu yangu, tumbo lako likoje?" Awinja akamwuliza.

"Linaendesha, ila sikumwambia mtu. Lakini nani atawatafunia hawa?"

"Pona kwanza. Halafu unawe kwa sabuni, uwatwangie kwa kinu, wanywe maji yake."

Makhanu alinuna. Alipopona akatwanga, na hakuna aliyehara tena. Bibi Pascalia, kibogoyo mkongwe, alimaliza kikombe akamtania:

"Afadhali hii. Ile yako ilikuwanga na tumbaku."