Shimo Nyuma ya Nyumba

Mwaka uliofuata Uhuru, mdogo wangu wa kike aliharisha na kutapika mpaka akawa analia bila machozi. Tulikaa Karatu, kando ya msitu wa Ngorongoro, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Baba aliingia na ufito, akaulaza ubavuni mwa mtoto, akauvunja sawa na urefu wake, akatoka. Punde tukasikia jembe nyuma ya nyumba.

"Baba anachimba nini?" nikauliza.

"Choo," mama akajibu bila kunitazama.

Choo! Nani alikuwa na choo wakati ule? Sote tulikwenda vichakani.

Jioni mtoto akaomba maji, na kesho yake akaketi. Mama alikataa shimo lililopimwa mtu lifukiwe tupu, lisije likamdai, na baba hakuthubutu kuliacha wazi. Basi akaendelea kuchimba hadi likawa choo kweli, na majirani wakaja kukisifia.

Sote tulikitumia, isipokuwa mdogo wangu. Mpaka anaolewa alikwenda vichakani, hata fisi wakilia. Hakuna aliyewahi kumwambia lolote. Ukimuuliza, alisema tu kwamba mle ndani mna baridi anayoifahamu.